Tuzo ya Magugu na mshono usio na bei Kigoma

Thebe Magugu alizaliwa mwaka 1993 Kimberley, mji wa Afrika Kusini uliokua juu ya machimbo ya almasi kisha ukabaki mji wa mkoani, mbali na Johannesburg na mbali zaidi na Cape Town. Septemba 2019, siku chache baada ya kutimiza miaka 26, alisimama Paris akapokea tuzo ya LVMH ya wabunifu chipukizi wa mavazi. Ni Mwafrika wa kwanza kuitwaa tangu ilipoanza kutolewa mwaka 2014. Walioomba mwaka ule walizidi 1,700. Zawadi yake ilikuwa yuro 300,000, pamoja na mwaka mzima wa kushikwa mkono kibiashara na wataalamu wa kampuni inayomiliki Louis Vuitton na Dior.

Naandika haya nikiwa Kigoma, na katika habari hii Kimberley inanivuta kuliko Paris. Kwetu huku, kuanzia Ujiji na Kasulu hadi Nzega na Tabora mjini, imekaa vichwani imani kwamba fasheni ni jambo la Dar es Salaam, na kwamba kijana mwenye mkono mzuri wa kushona akitaka kuitwa mbunifu lazima kwanza apande treni. Magugu naye alihama, ni kweli. Alisoma Johannesburg na huko ndiko alikofungua lebo yake mwaka 2016. Lakini alipofika mbele ya majaji hakuwa amebeba Johannesburg. Alibeba mambo ya kwao, historia ya nchi yake na wanawake waliomlea: mama, shangazi na bibi.

Alishinda kwa sababu alikuwa na jambo la kusema, na alijua kulisema kwa kitambaa. Kigoma na Tabora zina mafundi wa kutosha, na mambo ya kusemwa zinayo kuliko miji mingi ya nchi hii. Tunachokosa ni bei ya mshono. Tunamlipa mtu kwa kushona, hatumlipi kwa kuifikiria nguo.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe, maana tuzo zinasifiwa sana huku kilichotuzwa hakichambuliwi. Magugu huupa kila mkusanyiko jina la somo, kama mwanafunzi anayejaza fomu ya chuo kikuu: Geology, Home Economics, African Studies. Mkusanyiko wa masika ya 2020, uliotoka mwaka uleule wa ushindi, aliuita Prosopography, na mzizi wake ni kundi la wanawake lililoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1955. Walikuwa wanawake Wazungu wenye maisha mazuri, ambao wangeweza kukaa majumbani mwao wakafumba macho. Badala yake walijivisha mshipi mweusi begani, alama ya kuomboleza katiba iliyokuwa inavunjwa, wakasimama kimya barabarani mbele ya wakubwa wa serikali. Wakaitwa Black Sash kwa ajili ya mshipi ule.

Kwa mbunifu wa mavazi, habari ile ina hazina ya pekee, kwa kuwa tendo lenyewe la kisiasa lilikuwa vazi. Kitambaa kimoja chembamba, rangi moja, mahali pamoja mwilini, na serikali nzima inakosa raha. Magugu aliliona hilo, akaitafiti miaka ile na mavazi yake, kisha akashona nguo za mwanamke wa leo. Ndani ya nguo hizo alitia chipu ndogo ambayo ukiigusisha na simu unasoma nguo imetoka wapi na utafiti gani uliizaa. Mnunuzi anaondoka na gauni na ushahidi wake.

Kazi ya mwaka 2021, aliyoiita Alchemy, ndiyo ninayotamani kila kijana wa chuo cha ufundi cha VETA aijue. Magugu alimwendea mganga wa jadi. Mganga akatupa vifaa vyake vya kupigia ramli juu ya mkeka, vikapigwa picha vilivyoanguka, na picha ile ikawa chapa ya kitambaa. Mtu yeyote anaweza kuchora mifupa na simbi kwenye nguo akasema ni Afrika. Hii ilikuwa ramli halisi, imepigwa na mtu mwenye kazi yake, siku fulani, kwa swali fulani. Katika mkusanyiko mwingine alama za vidole za mwanamke aliyewahi kuwa jasusi wa serikali ya makaburu ziligeuzwa kuwa nukta za kitambaa. Ukiwa mbali unaona gauni la madoadoa. Ukisogea, unasoma historia ya usaliti.

Huo ndio utaratibu wake. Anaanza na swali, anakwenda kwa watu na kwenye nyaraka, anatafuta kitu kimoja kinachoshikika, ndipo anashika mkasi. Mkasi unakuja mwisho.

Sasa tuje Mwanga, tuje sokoni Kigoma mjini, tuje Ujiji. Huku mkasi ndio mwanzo na ndio mwisho. Mteja anafika na doti za kitenge mkononi na picha kwenye simu.

"Fundi, mshono huu utauweza?"

"Lete kitambaa, mama. Unautaka lini?"

Fundi anaiangalia picha dakika mbili, anampima mteja kwa futi, anachora kwa chaki moja kwa moja juu ya kitambaa bila patani ya karatasi, anakata. Siku mbili baadaye nguo imekaa mwilini kama ilivyokaa kwa yule wa kwenye picha, mara nyingi kuzidi. Huo ni ujuzi mkubwa, na nakereka ninaposikia watu wakiuita ufundi wa mtaani kwa sauti ya kudharau. Kusoma mkato wa nguo kwenye picha ya upande mmoja, bila kuona mgongo wake, ni jambo ambalo wengi waliosomea darasani hawaliwezi.

Ila tazama malipo yanavyokwenda. Mteja analipia kushonwa, akiongeza bitana, zipu na labda uzi wa overloki. Mshono wenyewe hauna bei. Kijana akikaa usiku kucha akabuni mkono wa blauzi ambao haujawahi kuonekana Kigoma, atauuza mara moja, kwa mteja wa kwanza, kwa bei ileile ya blauzi ya kawaida. Jumapili mteja yule ataonekana kanisani, au Idd itamkuta barazani, na kufikia wiki inayofuata mkono ule utakuwa unashonwa kwa mafundi wa mtaa mzima. Aliyebuni hapati kitu, hata kutajwa hatajwi.

Sisemi kuiga ni dhambi. Fundi hujifunza kwa kuiga, na mitindo mingi tunayoipenda ilitufikia hivyohivyo kwa kuvuka ziwa kutoka Uvira na Kalemie. Tatizo ni kwamba mahali ambapo anayebuni na anayeiga wanalipwa sawa, mwenye akili timamu ataiga. Kuiga ni haraka, na kodi ya kibanda haisubiri. Kwa hiyo tunaposema vijana wetu hawana ubunifu tunawaonea. Wanafanya hesabu, na hesabu yao ni sahihi.

Kuna mahali pamoja ambapo ubunifu unapumua: sare za harusi. Wanawake thelathini wa upande wa bibi harusi wanapewa kitenge kimoja, kila mmoja anashona anavyopenda, na siku ile ukumbini unaona mikato thelathini juu ya ua lilelile. Hakuna onyesho la mavazi zuri kuliko hilo katika mkoa huu, na mafundi wanalijua, kwa sababu kila mwanamke anataka wake uwe tofauti na wa wifi yake. Hamu ya kitu kipya ipo, basi, tena kali. Bado haijajua kwamba kitu kipya kina mtu aliyekitengeneza na mtu huyo anakula.

Najua nitaambiwa: si tunacho kitenge, urithi wetu, tushone kitenge tupeleke Paris? Hapa naomba tuwe wakweli, na nasema hivi nikikipenda kitenge kwa moyo wote. Kigoma bila vikwembe, kama wasemavyo ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, si Kigoma. Lakini waksi, yaani kitenge hiki hiki, ilizaliwa viwandani Uholanzi kwa kuiga batiki ya Java. Kampuni ya Vlisco, ambayo wengi bado wanaiona kama kipimo cha kitenge bora, ilianzishwa mji wa Helmond mwaka 1846. Baadaye vikaja viwanda vya Afrika, kisha vya China. Tumekifanya chetu kwa kukivaa, na haki hiyo hakuna wa kutunyang'anya. Ila mbunifu anayepokea kitambaa ambacho ua lake, rangi yake na uzito wake vimeamuliwa na mtu mwingine amebakiwa na nafasi ndogo sana ya kusema la kwake. Mwaka uleule wa Magugu, miongoni mwa wanane waliofika fainali alikuwamo Kenneth Ize wa Nigeria. Yeye alianzia kwenye kitambaa chenyewe, aso oke, kinachofumwa kwa mkono na mafundi wa kwao. Waafrika wawili kati ya wanane, na hakuna aliyeshika njia ya waksi. Nadhani majaji waliona walichokiona.

Sisi tungeanzia wapi? Huu ndio upande unaonisisimua, kwa sababu miji yetu miwili ilijengwa na nguo.

Katika karne ya 19 njia kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji ilikuwa njia ya pembe na watumwa kuelekea pwani, na ya nguo na shanga kuelekea bara. Pagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya frasila mbili hivi, zaidi ya kilo 30, na sehemu kubwa ya mizigo ile ilikuwa majora ya kitambaa. Nguo ilikuwa fedha. Hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watawala wa njiani ililipwa kwa nguo, posho ya pagazi ilikatwa kwa nguo, chakula kilinunuliwa kwa nguo kwa kipimo cha mkono, shuka na doti. Iliyotamba kuliko zote ni merikani, pamba nyeupe isiyopaushwa iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861 biashara ile ilivurugika, na viwanda vya Bombay vikaingia sokoni. Vita vya huko vikabadilisha nguo iliyofungwa kiunoni Unyanyembe, huko Tabora. Pembeni yake kulikuwa na kaniki, nguo nyeusi ya nili, ambayo waganga wa Unyamwezi na Usukuma wanaivaa mpaka leo.

Soko la Ujiji lilikuwa na sarafu yake. Watu walinunua samaki, chumvi ya Uvinza na mawese kwa shanga zilizoitwa sofi, zenye umbo la vipande vya shina la kiko, zilizotungwa kwenye nyuzi kwa idadi maalumu. Mtu alikwenda sokoni na pesa yake imetungwa uzini. Mbunifu anayesoma hapa, simama kwenye jambo hilo kabla hujaendelea.

Na kabla ya merikani, na sambamba nayo, tulikuwa na vya kwetu. Richard Burton, msafiri Mwingereza, alipopita Unyamwezi mwaka 1857 alikuta watu wanafuma pamba kwa mikono, nguo nzito ya kienyeji. Kitambaa cha kiwandani kilikuwa rahisi na chepesi, na polepole mtande na mshindio wa Unyamwezi vikafa. Upande wa Buha na kandokando ya ziwa watu walivaa mbugu, nguo ya gome la mti iliyopondwa mpaka ikalainika. Waganda hawakuiacha ya kwao ife, na mwaka 2005 UNESCO iliutambua ufundi wao kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu. José Hendo, mbunifu mzaliwa wa Uganda, ameibeba mbugu hiyo hadi majukwaa ya London.

Fikiria mkusanyiko unaoanzia bega la pagazi. Mzigo unapokaa begani kitambaa hujikunja kwa namna yake, hubana hapa, huachia kule. Mikunjo hiyo inaweza kuwa mshono. Rangi mbili tu, weupe wa merikani na weusi wa kaniki, halafu shanga zilizotungwa kwa hesabu ileile ya soko la Ujiji zikashuka kwenye mshipi. Kipimo cha doti kiachwe kionekane, pindo lisifichwe. Na wanawake wasisahaulike, maana walikuwamo kwenye misafara ile, wakibeba vyombo na watoto, wengine wakifanya biashara yao wenyewe.

Kuna mtego hapa, na ningeumia kuona tumeingia. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, na tangu hapo kila anayetaka kuiuza Ujiji huchora wanaume wawili Wazungu wakivuliana kofia. Picha hiyo kwenye fulana ni zawadi ya mtalii. Njia ileile ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na mbunifu anayechukua uzuri wa merikani akaacha bei iliyolipwa kwayo atakuwa ametengeneza pambo tu. Magugu hakuukwepa ujasusi wa makaburu, aliutia ndani ya ua la gauni. Makumbusho ya Ujiji yapo, tembe la Kwihara, nyumba alimokaa Livingstone nje kidogo ya Tabora, lipo, na wazee wa Ujiji wanaosimulia babu zao walivyofika kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, wapo, ingawa hawatakuwapo daima. Nenda na daftari, shikamoo kwanza, kisha sikiliza.

Kuhusu malighafi nitasema machache, kwa kuwa ni kilio cha zamani. Igunga na Nzega zinalima pamba. Tabora ilijengewa kiwanda cha nyuzi enzi za mashirika ya umma, na habari zake kwa miaka mingi zimekuwa za kusimama na za ahadi za kufufuliwa. Pamba nyingi ya nchi hii inauzwa nje ikiwa imechambuliwa tu. Kijana wa Tabora anayetaka kitambaa cha pamba ya Igunga atakikuta, kama atakikuta kabisa, kimezunguka dunia. Hilo ni deni la wenye mamlaka.

Lipo deni jingine ambalo ni letu mafundi na walimu wa mafundi. Tuzo kama ile ya LVMH haimtaki mtu mwenye gauni moja zuri. Inadai uwe umekwisha kutoa mikusanyiko angalau miwili, na swali lililo nyuma ya sharti hilo ni la kibiashara: duka likikuagiza gauni lilelile mara hamsini, kwa saizi tano, utalitoa likiwa lilelile? Fundi anayechora kwa chaki juu ya kitambaa hawezi, hata awe hodari namna gani, kwa sababu kila nguo yake inazaliwa upya mwilini mwa mteja. Patani ya karatasi, kupandisha na kushusha saizi, karatasi ya maelezo ya kila mshono: mambo hayo yanaonekana ya kuchosha, na ndiyo yanayomgeuza fundi kuwa mwenye lebo. VETA Kigoma na VETA Tabora zinafundisha ubunifu na ushonaji. Ningetaka mwanafunzi asihitimu mpaka awe amekabidhi nguo sita za wazo moja, patani zake, na kurasa chache za utafiti alioufanya ndani ya mkoa wake.

Wapo Watanzania waliokwisha kuonyesha kwamba mlango unafunguka. Anisa Mpungwe alitwaa tuzo ya vipaji vipya ya jarida la Elle huko Afrika Kusini mwaka 2008, mwaka ambao Mustafa Hassanali alianzisha Swahili Fashion Week Dar es Salaam. Jukwaa la kitaifa tumekuwa nalo muda mrefu basi. Mikoa ya magharibi imekuwa ikipeleka huko wanamitindo na watazamaji kuliko mawazo.

Na upande wa mteja? Dada unayesoma hapa na kitenge chako kimekunjwa kabatini kikisubiri Krismasi: siku moja mwachie fundi wako kitambaa bila picha ya simu. Mwambie akubunie. Muulize mshono ni shilingi ngapi na kushona ni shilingi ngapi, umlipe vyote viwili, na watu wakikuuliza ukumbini, mtaje jina. Fundi naye aanze kuandika viwango hivyo viwili ukutani. Kuna watakaocheka wiki za mwanzo. Seremala anayechora kabati alitoza mchoro wake siku nyingi, na hakuna aliyemcheka.

Kila Agosti maonyesho ya Nanenane ya Kanda ya Magharibi hufanyika viwanja vya Ipuli, Tabora, na mikoa yetu miwili hukutana pale. Vyuo vya ufundi huleta nguo, mgeni rasmi hupita akashika kitambaa, akasifu ushonaji nadhifu, akasogea banda linalofuata. Mwaka huu kando ya kila vazi liwekwe daftari la utafiti la aliyelibuni, na kabla mgeni rasmi hajasogea amuulize kijana mambo mawili: wazo hili umelitoa wapi, na mshono wake peke yake unauuza shilingi ngapi.